Mkono uliopooza baada ya kiharusi: ufunge ule mzima, au ukae mbele ya kioo?

Mgonjwa akishatoka wodini, maamuzi yote yanahamia nyumbani. Shangazi anataka aitwe mchuaji anayesifika. Kijana wa jirani ameona kwenye simu kifaa cha umeme cha kuamsha misuli. Fizio wa hospitali, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ametoa karatasi ya mazoezi na kusema mrudi baada ya wiki mbili. Mwingine amesikia kuna dawa. Pesa haitoshi kufanya yote, na huku miezi mitatu ya mwanzo, ambayo ndiyo ubongo hujirekebisha kwa kasi kuliko kipindi kingine chochote, inazidi kuyoyoma.

Nitalinganisha njia hizo na nyingine mbili, kuufunga mkono mzima ili ule uliopooza utumike, na kufanya mazoezi kwa kioo, kwa ajili ya mkono tu. Mguu mara nyingi huwahi kurudi, maana mtu analazimika kuusimamia. Mkono ndio husahaulika, kwa kuwa upo mwingine. Na msimamo wangu niuseme mapema: njia yenye faida ni ile inayomfanya mgonjwa mwenyewe auamuru mkono usogee, mara nyingi kwa siku, katika kiwango anachokiweza sasa. Njia ya kumfanyia kila kitu humpa raha, na raha nayo anaistahili, ila ubongo haujifunzi kitu hapo.

Ubongo unafanya nini baada ya kuumia

Kiharusi huua sehemu ya ubongo, na seli zilizokufa hazifufuki. Lakini si kila kilichozimika siku ya kwanza kimekufa. Pembeni ya jeraha kuna eneo lililovimba au lililopungukiwa damu, ambalo huamka lenyewe katika siku na wiki zinazofuata. Ndiyo sababu hata asiyefanya zoezi lolote hupata nafuu kidogo, na ndiyo sababu yeyote aliyeitwa kutibu wiki ya tatu huondoka na sifa. Kisha inaanza kazi ya pili, ya taratibu zaidi: njia za neva zilizokuwepo bila kutumika huanza kupitisha amri, matawi mapya huchipua karibu na jeraha, na sehemu jirani hupokea majukumu ya ile iliyokufa.

Kazi hiyo ya pili hufuata matumizi. Mwaka 1996, nchini Marekani, Randolph Nudo na wenzake waliwasababishia tumbili wadogo jeraha dogo kwenye eneo la ubongo linaloongoza mkono. Walioachwa bila mazoezi walipoteza hata sehemu ya eneo hilo ambayo jeraha halikuigusa. Waliofundishwa kuchokoa chakula kwenye vishimo vidogo kwa mkono ulioathirika waliihifadhi, na kwa baadhi yao eneo la mkono lilipanuka hadi kuingia mahali palipokuwa pa kiwiko na bega.

Upande wa pili wa jambo hilo aliuona Edward Taub, pia kwa tumbili. Alikata neva za hisia za mkono mmoja, na mnyama akaacha kuutumia kabisa, ingawa neva za kusogeza zilikuwa nzima. Mnyama huyo alijaribu siku za mwanzo akashindwa, akazoea kutumia mwingine, na mazoea yakabaki hata uwezo uliporudi. Taub alipoufunga ule mzima, mkono ulioachwa ukaanza kazi. Kwa binadamu pia, sehemu ya ulemavu tunaouona ni jeraha, na sehemu nyingine ni mazoea ya kushindwa.

Pima mkono kabla ya kuchagua

Familia nyingi huchagua kwa bei au kwa maneno ya jirani. Chagueni kwa vidole. Mkalishe mgonjwa mezani, mkono wake ukilala juu ya meza na kiganja kikining'inia ukingoni, kikitazama chini.

"Baba, nyanyua kiganja."

"Hakinyanyuki, mwanangu."

"Haya, fungua vidole tu. Pole pole."

Tazama kwa makini. Kidole cha kati kikitikisika hata kidogo kuelekea juu, umeona jambo kubwa. Watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Rinske Nijland walichapisha mwaka 2010 kwamba wagonjwa ambao ndani ya saa 72 za kiharusi waliweza kunyoosha vidole kidogo na kuupeleka mkono pembeni kutoka begani, walikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kupata utendaji fulani wa mkono baada ya miezi 6. Walioshindwa vyote viwili walikuwa na asilimia 25 tu. Yaani hata katika kundi baya, mmoja kati ya wanne alipata kitu. Asikate tamaa mtu kwa sababu ya siku ya tatu.

Kipimo cha pili: weka kitambaa cha kufutia meza mbele yake. Je, anaweza kukikamata kwa namna yoyote ile, hata kwa kukikwangua, akakiinua na kukiachia? Kuachia ndiko kugumu. Wengi hukamata, kisha vidole vinakakamaa na kitambaa kinabaki mkononi.

Basi anayeweza kuinua kiganja kwa nyuzi (digrii) kama 20 na kunyoosha vidole kwa nyuzi 10, yuko tayari kwa njia ya kufunga mkono mzima. Anayeweza tu kukiinua kitambaa na kukiachia anaweza kuijaribu kwa usimamizi. Ambaye hakuna kinachosogea aanze na kioo.

Kufunga mkono mzima

Jina linatisha bure, maana hakuna kamba. Mkono mzima huvishwa glavu nene isiyo na vidole vinavyotengana. Nyumbani hata soksi nene ya baridi inatosha. Anaweza bado kujishikiza akiyumba, ila hawezi kushika kijiko wala simu. Kila kazi inaangukia mkono mgonjwa.

Jaribio lililoipa njia hii heshima liliongozwa na Steven Wolf, Marekani, na matokeo yalitoka mwaka 2006. Watu 222, wote wakiwa wamepata kiharusi kati ya miezi 3 na 9 nyuma, waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilivaa glavu kwa wiki 2, lengo likiwa asilimia 90 ya muda wa kuwa macho, na siku za kazi wakafanya mazoezi hadi saa 6. Kundi la pili lilipata huduma ya kawaida. Baada ya mwaka mzima, kundi la glavu bado lilikuwa mbele, kwa kasi ya mkono na kwa kiasi cha kuutumia nyumbani.

Saa 6 kwa siku! Nani ana fizio wa saa 6? Wengi wetu hatunaye. Ndiyo maana toleo la kupunguza makali, aliloliendeleza Stephen Page, linatufaa zaidi: nusu saa ya mazoezi na mtaalamu mara 3 kwa wiki, na glavu saa 5 kwa siku, siku 5 za wiki, kwa wiki 10. Hizo saa 5 zichaguliwe wakati ambao mgonjwa ana shughuli za mikono kweli. Kumvisha soksi halafu akaketi kutazama televisheni ni kupoteza muda, kwa sababu faida haitoki kwenye soksi.

Panapoharibika ni jikoni na mezani. Mgonjwa anahangaika na kikombe, chai inamwagika, na binti anaruka kumsaidia kwa huruma. Kila akirukiwa hivyo, ubongo wake umenyang'anywa jaribio moja. Kubalianeni tangu asubuhi: kikombe cha plastiki, nusu tu, chai ya vuguvugu, na hakuna wa kumgusa mpaka aombe. Taub na wenzake huwaandikia wagonjwa mkataba hasa, unaotaja kazi zipi zitafanywa na mkono upi, na huwataka waandike kila siku walichofanya. Daftari la shule linatosha.

Glavu ivuliwe wakati gani? Akipanda ngazi, akioga, akitia udhu, akiwa karibu na jiko. Na kama anatembea kwa fimbo iliyoshikwa na mkono mzima, hapa sina utani: asivae glavu akiwa amesimama. Nyonga ikivunjika, habari ya mkono imekwisha.

Jambo jingine la kuogopa ni haraka. Mwaka 2009 Alexander Dromerick na wenzake walijaribu njia hii kwa watu 52 waliokuwa bado katika wiki za mwanzo za kiharusi. Waliopewa dozi kubwa, saa 3 za mazoezi na glavu karibu siku nzima, walikuwa nyuma ya wenzao walipopimwa siku ya 90. Jaribio jingine, la watu 2,104, lililochapishwa mwaka 2015, lilihusu kumtoa mgonjwa kitandani mapema sana na mara nyingi ndani ya saa 24; nalo lilionyesha kuwa dozi kubwa mno mapema inaweza kudhuru. Kwa hiyo wiki za mwanzo mazoezi yawepo, lakini ya kiasi. Mimi glavu ningeiacha hadi hali itulie na mtaalamu akubali.

Kioo

Wazo lilianza kwa V. S. Ramachandran miaka ya 1990, aliyewatibu kwa kioo watu waliokatwa mkono lakini wakiendelea kusikia maumivu ya mkono usiokuwepo. Mwaka 1999 Eric Altschuler, akiwa pamoja naye, aliwajaribu watu 9 wenye kiharusi. Tangu hapo majaribio yamefika makumi. Mapitio makubwa ya mwaka 2018 yalikusanya tafiti 62, na hitimisho lake ni kwamba kioo kinaongeza uwezo wa kusogeza mkono na kufanya shughuli za kila siku, kikitumiwa pamoja na huduma nyingine. Dozi ya wastani ilikuwa dakika 30, mara 5 kwa wiki, kwa wiki 4.

Namna ya kukipanga ndiyo watu wengi hukosea. Kioo hakikabili uso. Kinasimama mezani katikati ya mikono miwili, ukingo wake mmoja ukielekea kifuani, upande unaong'aa ukitazama mkono mzima. Mkono mgonjwa uko nyuma ya kioo, hauonekani kabisa. Mgonjwa anainama kidogo upande wa mkono mzima na kutazama ndani: anachokiona ni mkono wake mgonjwa ukiwa mzima. Kioo cha kunyolea ndevu hakitoshi. Kiwe kirefu cha kufunika kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, kikiegemezwa na matofali au vitabu ili kisianguke.

Vua saa, pete na bangili. Mama mwenye hina mkono mmoja tu asubiri ifutike, au apakwe wa pili. Ubongo ukigundua kwamba ule si mkono wake, mchezo umekwisha.

Kisha taratibu, kana kwamba umechelewesha video: geuza kiganja juu, geuza chini. Fungua vidole, funga. Kidole gumba kiguse kila kidole. Na muda wote huo mkono uliojificha nyuma ujaribu kufanya vilevile, hata kama hakuna kinachotokea. Mtu akitazama tu bila kujaribu, ananiudhi kidogo, kwa sababu kujaribu huko ndiko kunakobeba amri kutoka kwenye ubongo uliojeruhiwa. Wataalamu hawajakubaliana kikamilifu kioo kinafanyaje kazi. Kinachojulikana ni kwamba kuona mwendo huamsha sehemu za ubongo zinazohusika na kuupanga. Wachache hupata kizunguzungu au kichefuchefu. Wapumzike, wajaribu tena kesho kwa dakika 5.

Tukiviweka pamoja

Kwa mkono usiosogea kabisa hakuna ushindani: kioo ndicho kinachowezekana, na glavu ingekuwa mateso, mtu amefungwa mkono mzima huku mwingine haufanyi kitu. Kwa mkono unaofungua vidole, glavu ina nguvu zaidi, na sababu naiona wazi: inafanyia kazi maisha yenyewe, kuvaa, kula, kufungua mlango, na inavunja yale mazoea ya kuuacha. Kioo hufundisha mwendo, lakini hakimlazimishi mtu kuupeleka mwendo huo jikoni.

Kwa gharama vinakaribiana, kwani vyote ni vya bei ndogo. Tofauti ipo kwenye uvumilivu. Kioo huomba nusu saa ya utulivu na akili iliyotulia. Mgonjwa aliyechanganyikiwa au asiyeona vizuri hakimfai. Glavu huomba nyumba nzima ikubali chakula kuchelewa, nguo kuvaliwa kwa robo saa, na mzee kukasirika. Anayeishi peke yake mchana kutwa asivae glavu. Kwa maumivu ya mkono na bega yanayowasumbua wengi baada ya kiharusi, kioo kina ushahidi wa kupunguza kwa baadhi yao.

Kuna hili pia ambalo vitabu vya Ulaya haviliandiki. Kwetu mkono wa kulia ndio wa kula na kusalimia, wa kushoto una kazi zake chooni. Aliyepooza kulia hulazimika kula kwa kushoto mbele za watu, anaona aibu, na aibu hiyo humsukuma kupambana. Aliyepooza kushoto anaweza kupitisha mwaka bila kuuhitaji, kila kitu kikifanywa na kulia, mpaka vidole vikakunjika vikabaki hivyo. Kwa huyu wa pili ningesisitiza glavu mapema zaidi, na ningempa kazi za mikono miwili: kukamua nguo, kukunja kanga, kumenya viazi.

Idadi ya kurudia

Njia yoyote mtakayochagua, hesabuni. Catherine Lang na wenzake waliwatazama wagonjwa wakiwa mazoezini nchini Marekani, wakachapisha mwaka 2009: katika kipindi kimoja mkono ulifanya miendo yenye kusudi mara 32 kwa wastani. Wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulibadilika walirudia mara mia kadhaa kwa siku. Baadaye ilionekana kwamba wagonjwa wa kiharusi wanaweza kufikisha mara 300 kwa saa moja wakipangiwa vizuri.

Kwa hiyo sinia mbili na vizibo vya soda 50. Hamisha vyote kutoka kulia kwenda kushoto, kimoja kimoja, kisha virudishe: tayari 100. Ikiwa rahisi, tumia maharage. Ikiwa bado rahisi, punje za mahindi ziingie kwenye chupa. Ikishindikana kabisa, rudi kwenye vikombe vya plastiki. Ugumu unaofaa ni ule wa kukosa mara chache na kupata mara nyingi.

Kuchua, umeme, dawa

Kuchua kunalegeza misuli iliyokakamaa, kunapunguza maumivu, na kunampa mgonjwa faraja ya kushikwa. Sikatazi. Ila mchuaji ndiye anayefanya mazoezi, na bajeti ikiwa ni ya kitu kimoja, isiwe hiki. Msimruhusu auvute mkono kwenda juu. Bega lililolegea huteguka au kuumia upesi. Kukanda kwa maji ya moto ni hatari zaidi kuliko watu wanavyodhani, maana mkono uliopoteza hisia huungua na mwenyewe asijue. Jaribuni maji kwa mkono wenu.

Umeme wa misuli una nafasi, hasa kwa kiganja kisichoinuka, na unafaa zaidi mgonjwa akijaribu kuinua papo hapo mashine inaposukuma. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asiuguse bila idhini ya daktari. Msinunue mashine kabla fizio hajaonyesha mahali pa kubandika.

Dawa iliyovuma ni fluoxetine, ya sonona. Jaribio dogo la Ufaransa la mwaka 2011, watu 118, lilitia matumaini. Kisha likaja la Uingereza mwaka 2018, watu 3,127, miezi 6 ya vidonge: uwezo wa mwili haukuongezeka, sonona ilipungua, na mifupa iliyovunjika iliongezeka. Mgonjwa mwenye sonona atibiwe sonona, lakini asipewe kwa ajili ya mkono. Fedha ya dawa iende kwenye vidonge vya presha, ambavyo watu huviacha wakijisikia nafuu, na kiharusi cha pili kikafuta kila kilichorudi.

Nyumbani tu, au hospitali?

India walijaribu kuwafundisha ndugu waendeshe mazoezi wenyewe baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Watu 1,250, hospitali 14, matokeo mwaka 2017: baada ya miezi 6 hapakuwa na tofauti na huduma ya kawaida. Nimesikia watu wakilitaja kuthibitisha kwamba nyumbani hakufai. Mimi nalisoma kwamba mafunzo mafupi na karatasi havimgeuzi ndugu kuwa mtaalamu. Kama nauli inatosha safari moja kwa wiki, msiitumie kwenda kufanya mazoezi ambayo mngeyafanya sebuleni. Itumieni kupimwa: fizio aone kilichobadilika, apandishe ugumu, akague bega. Nendeni na daftari na video fupi ya mgonjwa akihangaika na kikombe.

Na aliyepata kiharusi miaka iliyopita? Majaribio ya mwanzo ya Taub kwa wagonjwa wa kiharusi, mwaka 1993, yalihusu watu waliokwisha kupita mwaka mmoja, na mikono yao ilirudi kazini. Kasi ya miezi ya mwanzo hawataipata, lakini mazoea ya kuuacha mkono huvunjika hata baada ya miaka mingi. Huyo apimwe kwa kitambaa kama wengine. Akikiinua na kukiachia, soksi wiki mbili chini ya macho ya fizio, na kazi tatu alizochagua mwenyewe. Asipoweza, kioo kwa mwezi, kisha kitambaa kirudi mezani.